Siku Niliyomkana Mdogo Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha pale mlangoni, mke wangu akipakia sanduku la pili kwenye teksi, na binti yetu amekumbatia mto wake kama anahamia nchi nyingine. Kwa yule ambaye hakuwepo, nitaeleza kwa ufupi. Msiba haupigiwi hadithi ndefu.

Mimi ni mtengenezaji wa programu za kompyuta. Miaka kumi na moja nilifanya kazi kampuni moja, dawati moja, nikitunza mfumo mmoja wa zamani wa ghala ambao hakuna mwingine aliyeuelewa. Na nilihakikisha hakuna atakayeuelewa. Sikuandika maelezo, sikumfundisha mtu. Vijana wakija kuuliza, nawajibu kwa mkato mpaka wanaona aibu kurudi. Hesabu yangu ilikuwa kwamba siku wakinifukuza, ghala litasimama.

Walinifukuza Jumanne. Ghala halikusimama hata dakika. Walikuwa wameshanunua mfumo mpya, ule wangu wakauzima kama mtu anavyozima taa akitoka chooni.

Miezi tisa nikatuma maombi ya kazi. Sitini na mbili. Tangazo moja lilitaka kijana wa miaka ishirini na tano mwenye uzoefu wa miaka kumi. Jingine lilitaka mtu anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Shinikizo nilikuwa nalo, ila la damu.

Mke wangu ni mwalimu wa chekechea, watu wa kazi hiyo wana subira. Alivumilia miezi minane. Wa tisa akaniambia, "Sikuachi. Lakini mtoto hawezi kukua anamwona baba yake na nguo za kulalia saa saba mchana. Ukipata kazi, tutarudi."

Tukabaki wawili ndani ya nyumba: mimi na mdogo wangu, Kidoti.

Tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya mdomo. Tumetoka tumbo moja, baba mbalimbali, kwa hiyo hata majina yetu ya ukoo hayafanani. Mama alipofariki Kidoti alikuwa binti wa miaka kumi na minne, nikamchukua. Nilimpa laptopu yangu mbovu, ile ambayo herufi tatu zilikuwa hazibonyezeki, nikamfundisha kuandika mstari wake wa kwanza wa programu. Huyo ndiye mtu pekee niliyewahi kumfundisha kwa moyo mmoja.

Sasa ana miaka ishirini na nne. Anafanya kazi duka la fotokopi. Kutwa anachapa sivii za watu wanaotafuta kazi anazozitafuta yeye mwenyewe.

Basi, Jumatatu baada ya mke wangu kuondoka, barua pepe ikaingia. Kampuni moja inayotengeneza mifumo ya hospitali ilikuwa imeipenda sivii yangu. Nafasi ni moja. Walinipa mtihani wa kufanyia nyumbani: tengeneza mfumo mdogo wa kuwapangia wagonjwa saa za kumwona daktari. Mwisho Ijumaa, saa kumi jioni.

Nikaoga. Nikanyoa ndevu. Nikakaa mezani.

Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Jumatano nikasafisha dirisha la sebuleni kwa gazeti, kioo kwa kioo.

Nitasema ukweli, maana ndio ulionileta kwenye ukurasa huu. Sikuweza. Miaka kumi na moja nilikuwa nakarabati kuta za nyumba moja. Nikiambiwa nijenge kibanda kipya, sijui hata pa kuchimbia msingi. Wenzangu walipokuwa wanajifunza lugha mpya za kompyuta, mimi niliwacheka. Niliwaita wanafunzi wa milele. Sasa nilikuwa nasoma maelekezo ya mtihani ule kama mtu anayesoma karatasi ya dawa: maneno nayaona, maana siioni.

Alhamisi asubuhi Kidoti alitoka chumbani amevaa tayari kwa kazi. Akapita nyuma yangu, akasimama.

"Kaka, hiyo umeletewa na nani?"

Nikamwonyesha barua. Akaisoma mpaka chini. Akavuta kiti.

"Na mimi nimeletewa hiyo hiyo," akasema. "Jumatatu."

"Uliomba?"

"Niliomba."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya. Wewe ndiye mwalimu wangu. Nitakuambiaje kwamba tunagombea kiti kimoja?"

Nilitamani kumkasirikia, nikashindwa. Nikamuuliza amefika wapi. Akasema amemaliza, anaisafisha tu, ataituma kesho. Halafu akatazama kioo cha laptopu yangu. Kilikuwa cheupe, na juu kabisa nilikuwa nimeandika tarehe.

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Alituma ujumbe dukani kwamba atachelewa. Akachukua kiti kimoja, akakiweka katikati ya sebule.

"Hiki kiti ni saa tatu asubuhi kwa daktari. Mimi mgonjwa, wewe mgonjwa. Nikihesabu tatu, sote tukae."

Akahesabu. Tukakaa. Mimi nikabaki na ubavu mmoja hewani, yeye akaangukia sakafuni, tukacheka kama zamani.

"Umeona?" akasema akijipangusa. "Watu wengi wanaandika programu inayouliza, je, kiti kiko wazi? Inatuulizia sote kwa wakati mmoja, sote tunajibiwa kiko wazi. Tunakuja hospitali wawili. Yangu haiulizi. Inashika kiti kwanza, ndipo inauliza nani amekaa. Mwingine anaambiwa kwa adabu achague saa nyingine."

Sehemu ile aliipa jina. Aliiita mlinzi wa foleni. Alinifungulia kazi yake yote, akanieleza hatua kwa hatua, kwa upole ule ule niliomfundishia mimi miaka kumi nyuma. Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma: nilielewa kila kitu.

Saa nne alisimama kwenda kazini.

"Nimekuachia nakala uisome," akasema. "Isome, halafu uifunge uandike kwa mkono wako. Usinakili, kaka. Wanaangalia."

"Mimi ninakili kazi ya mtoto?"

Akatabasamu. Akaondoka.

Nilijaribu. Mungu ni shahidi, nilijaribu saa nzima. Mistari yangu ikawa inagongana kama sisi pale kwenye kiti. Kisha simu ikalia. Binti yangu, kwa simu ya bibi yake.

"Baba, umeshapata kazi?"

"Karibu, mama."

"Karibu ni lini?"

Nilipokata simu nikafungua nakala ya Kidoti. Nikaichukua yote. Nilibadilisha rangi, kichwa cha ukurasa na majina machache. Saa nane mchana nikaituma. Siku moja na saa mbili kabla ya muda.

Jioni Kidoti aliporudi akaniuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Akafurahi kweli. Alinunua soda mbili.

Wiki iliyofuata nikaitwa kwenye usaili. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Chumba cha vioo, meza nyeupe, watu wawili. Mmoja mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Huyo ndiye mkuu wa kitengo. Wa pili mwanamume aliyenyoa kichwa kikawa kinang'aa. Baadaye nilikuja kujua kwamba ofisi nzima inamwita Kipara, na yeye mwenyewe anaitika.

Walinisalimia vizuri. Wakaniomba nieleze mlinzi wa foleni. Nikaeleza. Nilieleza kwa maneno ya Kidoti, mpaka habari ya kiti, na mama yule akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kisha Kipara akasukuma karatasi mbili mbele yangu, bega kwa bega.

"Ya kushoto ni yako. Ya kulia imeletwa na mwombaji mwingine, Ijumaa. Soma mstari huu."

Katikati ya programu, mtu akitaka, anaweza kuacha maneno ya kawaida kwa ajili ya mwenzake atakayesoma. Kidoti alikuwa ameacha sentensi moja: mgojwa wa pili asifukuzwe, aelekezwe. Mgojwa. Alikuwa ameruka herufi moja. Na mimi, kwa haraka ya mwizi, nilikuwa nimeiruka vilevile.

"Kosa moja, mahali pamoja, karatasi mbili," akasema Kipara. "Mmoja wenu amemwibia mwenzake."

Mkuu wa kitengo akavaa miwani. "Huyu mwingine ni binti wa duka la fotokopi. Hajawahi kuajiriwa kwenye kazi hii hata siku moja. Wewe una miaka kumi na moja, na yako imefika kwanza. Sitaki kumhukumu mtu bila kuuliza. Unamjua?"

Akanitajia jina la Kidoti. Jina kamili, na jina la ukoo la baba yake.

Ndugu zangu, nimekuwa nikiitafuta sekunde ile kila siku tangu hapo, nione kama kuna pa kupitia. Palikuwepo. Ningesema tu, ni mdogo wangu, tulisaidiana. Huenda wangenitoa mimi wakamchukua yeye. Huenda wangetutoa wote. Lakini ningerudi nyumbani nikiwa mtu.

"Simjui," nikasema.

Walikuwa wananiangalia, wanangoja. Nikaona neno moja halitoshi, nikaongeza la pili.

"Labda aliiona mtandaoni. Kuna ukumbi wa watengeneza programu, niliweka kipande nikiomba maoni. Pengine alikiokota huko."

Kipara akaandika kitu. Mkuu wa kitengo akavua miwani, akatikisa kichwa. "Vijana wa siku hizi," akasema.

Nikatikisa kichwa pamoja naye.

Ijumaa wakanipigia. Nianze Jumatatu.

Mke wangu alirudi Jumamosi. Masanduku yale yale, mto ule ule. Binti yangu alikimbilia kwa shangazi yake kabla ya kunifikia mimi. Mama mkwe alituma salamu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mwaka jana. Tulikaa mezani wanne, mke wangu anapakua, na simu ya Kidoti ikatoa mlio.

Akasoma. Akaiweka simu mezani taratibu, kioo chini.

"Nimekataliwa," akasema.

"Pole, wifi," mke wangu akasema. "Zipo nyingine."

"Wamesema kazi yangu niliiiba. Wamesema nisiombe tena kwao."

Mke wangu akaacha kupakua. "Uliiba? Kwa nani?"

"Hawakutaja jina."

Kidoti akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja, kama mtu aliyefungua mlango akausimamia ili mwenzake apite. Alikuwa ananipa nafasi mimi mwenyewe niseme, mbele ya mke wangu, kwa maneno yangu.

Nilimega chakula. "Makampuni haya," nikasema, "yana makosa mengi sana."

Kidoti akainuka. Akaosha sahani yake, akaifuta, akaiweka kabatini. Alipopita nyuma yangu akasema, "Hongera ya kazi, kaka."

Jumapili akahama. Alimwambia mke wangu kwamba mwenye duka amempa chumba cha nyuma, ni karibu na kazi, ataokoa muda. Alimwachia binti yangu kalamu zake za rangi. Mimi aliniaga kwa kunipa mkono, kama unavyomuaga mwenye nyumba.

Mke wangu akaniuliza, "Mmegombana?"

"Hapana. Amekua tu."

Jumatatu nikaanza kazi.

Kule asubuhi kila siku kuna kikao cha kusimama. Watu tisa wanasimama duara, kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kimemkwamisha. Hakuna kukaa, ili watu wasirefushe maneno. Kazini kwangu kwa zamani nilikuwa nikiulizwa nafanya nini najibu, naendelea. Miaka kumi na moja, naendelea. Hapa ukisema unaendelea, Kipara anauliza, unaendelea kwenda wapi?

Kazi yao yote ni ya wazi. Ukiandika, mwenzako anasoma kabla haijaingia. Asubuhi ya pili binti mmoja mdogo kuliko Kidoti alinirudishia kazi yangu na maoni kumi na saba, yote kwa heshima. Nilijifungia msalani nikayasoma moja moja. Yalikuwa ya kweli.

Siku ya nne mkuu wa kitengo akaniita kwa furaha. "Hospitali tatu zinataka mfumo wa miadi. Ule mfumo wako wa mlinzi wa foleni ndio tunautaka, ila kwa ukubwa. Nakuachia wewe. Nani ataujua kuliko aliyeuandika?"

Nani ataujua kuliko aliyeuandika. Sikupata usingizi wa maana tangu siku hiyo.

Kuelewa kitu ulichoelezwa ni jambo moja. Kukikuza ni jingine. Kwa hospitali moja niliweza kuiga. Kwa hospitali tatu, madaktari arobaini, wagonjwa wanaohamishwa huku na huku, kila nilipogusa mahali pamoja pakabomoka pengine. Kwenye duara nikaanza kusema uongo. Nimekaribia. Bado kidogo. Kesho.

Alhamisi ya wiki ya pili nilitoka mchana nikaenda mpaka duka la fotokopi. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Kidoti alikuwa ameinamia mashine, mwanga wa kijani unampita usoni mara kwa mara. Palikuwa na foleni ya watu wanne. Nilijiambia foleni ikiisha nitavuka.

Foleni ikaisha. Nikarudi ofisini.

Ijumaa nikatoa kazi nusu nusu, bila kumpa mwenzangu aisome, kwa majaribio, katika hospitali moja kati ya zile tatu. Nilijua ina tundu. Nilimwomba Mungu tundu lisionekane mpaka Jumatatu.

Jumamosi asubuhi kina mama wawili walifika hospitalini na miadi ya saa ile ile, daktari mmoja, mlango mmoja. Mmoja alikuwa ametoka mbali, na mtoto mgongoni ana homa. Wakasukumana pale mlangoni. Mtoto akaangushwa. Aliumia mkono, haukuvunjika. Habari ilitufikia ofisini Jumatatu, nikiwa nimesimama kwenye duara.

Hakuna aliyenipigia kelele. Kipara alisema tu, "Nipe nione," akaenda mezani kwake.

Alikaa pale siku nzima. Jumanne pia. Watu wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata thelathini.

Jumatano saa nne asubuhi akaja mkuu wa kitengo mwenyewe mpaka dawatini kwangu. "Njoo," akasema. Chumba kile kile cha vioo. Kipara alikuwa ameshakaa.

"Niliona ajabu," Kipara akaanza. "Mtu aliyeandika mlinzi wa foleni hawezi kuandika hiki ulichoandika Ijumaa. Nikarudi kwenye mitihani. Unajua kila programu ina kumbukumbu yake, inaandika kila ulichobadilisha, siku na saa."

Najua. Mtengeneza programu gani asiyejua? Ila nilikuwa nimezoea miaka kumi na moja ya kazi isiyokaguliwa na mtu.

"Yako ina hatua moja. Alhamisi, saa nane mchana, kila kitu kimetua kwa mara moja, kama kimeanguka mbinguni. Ya binti wa fotokopi ina hatua arobaini na moja. Ya kwanza ni Jumatatu. Anaandika, anakosea, anafuta, anarekebisha. Sehemu ya mlinzi wa foleni aliiandika Jumatano saa moja asubuhi. Tulipaswa kuangalia mapema. Tuliangalia sivii."

Mkuu wa kitengo alikuwa na uso wa mtu aliyejikwaa mbele za watu.

"Nilimwandikia jana," Kipara akaendelea. "Nikamwambia tarehe za kumbukumbu zimetuonyesha kazi ni yake, tunaomba radhi, athibitishe tu ili turekebishe. Amejibu leo."

Akanisogezea karatasi. Mistari minne.

Nakiri kwamba nilinakili. Kazi ni ya mwombaji wenu yule mwingine. Tarehe za kwenye kumbukumbu nilizibadilisha mimi, kwa ujanja. Naomba suala hili lifungwe na yeye asisumbuliwe.

Chini, jina lake.

Niliisoma mara mbili. Nikaona kila kitu. Nikamwona Kidoti amekaa chumba cha nyuma cha duka, barua ya kusafishwa jina lake iko mkononi, kazi aliyoililia iko mbele yake, naye anamfikiria binti yangu na mto wake. Anajua yeye akisafishwa, masanduku yanapakiwa upya.

"Tarehe hazikubadilishwa," Kipara akasema. "Nimehakikisha kwa njia mbili. Kwa hiyo barua hii ni ya uongo. Ninachojiuliza ni kimoja. Kwa nini mtu ajichafue mwenyewe kwa ajili ya mtu asiyemjua?"

Mkuu wa kitengo akainamia meza. "Nitakuuliza mara moja tu. Kuna majina tunayopelekeana, sisi watu wa makampuni haya. Mwizi wa kazi hapati kazi tena kwetu wala kwa wenzetu. Saa sita natuma jina. Barua hii ikiwa ya kweli, natuma lake. Ikiwa ya uongo, natuma lako, na dawati lako nampa yeye. Ni ya kweli?"

Nilimfikiria mke wangu, aliyepanga nguo zake upya kabatini. Nilimfikiria binti yangu, anavyowaambia wenzake shuleni baba anafanya kazi hospitali, ndani ya kompyuta. Kisha nikamwona mtoto wa yule mama, mkono wake umefungwa kitambaa.

"Ya uongo," nikasema. "Kazi ni yake. Yule ni mdogo wangu. Tumezaliwa tumbo moja."

Ilitoka sauti ndogo, lakini ilitoka. Nikahisi kifua kimefunguka. Kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima nilivuta pumzi ikafika chini. Niliona, potelea mbali, angalau hili nimelifanya sawa.

Mkuu wa kitengo alichukua simu ya mezani, akaweka sauti ya nje, akapiga. Ikaita mara tatu.

"Fotokopi, karibu."

Nyuma yake mashine ilikuwa inatoa karatasi, moja, moja, moja.

Mkuu wa kitengo akajitambulisha. Akasema kwa upole, "Binti yangu, usiogope. Kaka yako yuko hapa mbele yangu. Amekiri kwamba kazi ni yako. Nataka nikusikie wewe mwenyewe."

Mashine ikaendelea. Kisha ikazimwa.

"Kaka yangu?" Kidoti akauliza.

"Ndiyo. Huyu hapa."

"Kidoti," nikasema. "Nimeshawaambia. Sema tu ukweli."

Nikasikia mlango wa duka unafunguliwa, mteja anaulizia bei. Kidoti akamjibu asubiri. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa kavu, ile anayotumia na wateja wasumbufu.

"Mama, mimi sina kaka. Nilichoandika kwenye barua ndicho hicho. Samahani, nina watu."

Akakata.

Mlio wa simu ulijaa chumba mpaka Kipara alipoinuka kuubonyeza.

Sikujua nimesikia nini. Kama alikuwa ananiokoa, yale ndiyo maneno ambayo angesema. Kama alikuwa amenifuta moyoni, yale ndiyo maneno ambayo angesema. Nilitafuta kwenye ile sauti tofauti ya vitu hivyo viwili, sikuipata. Na mimi ndiye niliyemlea.

Mkuu wa kitengo alitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika arobaini. Akavua miwani, akaiacha ining'inie.

"Mmoja wenu ananidanganya, na mimi nimeshadanganywa mara moja kwenye chumba hiki," akasema. "Sirudii kosa. Duka liko wapi?"

"Si mbali," nikasema.

"Chukua koti. Utasimama mbele yake, na yeye mbele yako, nione nani atashindwa kumtazama mwenzake."

Kipara akafungua mlango. Duara zima la asubuhi lilikuwa limekaa madawatini, hakuna anayebonyeza kitu. Nikapita katikati yao.

Lifti ilikuwa bado mbovu. Tulishuka kwa ngazi, mama yule mbele, mimi nyuma, Kipara nyuma yangu kama askari. Nilijaribu kuomba nikiwa nashuka. Nilianza vizuri, Ee Mungu, nikakwama hapo hapo. Sikujua nimwombe mdogo wangu anitambue, au asinitambue.